Niliwaita Wavivu, Kumbe Shida Ilikuwa Mimi

Wiki sita zilizopita niliandika hapa kwamba madizaina wa Nairobi ni wavivu. Najua mnakumbuka. Nilisema nimewatafutia ukumbi, nimewatafutia wasemaji, nimewanunulia mpaka mandazi, na bado wananiachia viti vitupu. Nilisema msee wa Nairobi anapenda kusema "nitakam" kuliko anavyopenda kukam. Hiyo posti ilisomwa kuliko kitu chochote nimewahi kuandika, na wengi wenu mliniambia niko sahihi kabisa, watu hawana shukrani.

Jana usiku nimeifuta. Sijaifuta kwa sababu ya kuogopa mtu. Nimeifuta kwa sababu haikuwa ukweli, na mimi nilijua haikuwa ukweli wakati nikiiandika. Si yote, lakini nilijua vya kutosha.

Kwa wale wapya: tangu Februari mwaka jana nimekuwa nikiendesha kikundi cha watu wanaofanya kazi ya uzoefu wa mtumiaji, ile tunaifupisha tu UX. Nikimweleza mathe humwambia hivi: ukituma pesa kwa M-Pesa, jina la yule unayemtumia linatokea kwanza, sindio? Unaona ni jina la mtu humjui, unashtuka, unasimamisha. Basi kuna mtu alikaa chini akafikiria kidole chako kinachoteleza. Hiyo ndiyo kazi. Don Norman, aliyeingia Apple mwaka wa 1993 na kuwa na maneno hayo kwa cheo chake, alikuwa ameandika kitabu kizima mwaka wa 1988 ambacho ndani yake analalamikia hata milango, ile unavuta kumbe ulipaswa kusukuma. Mathe alisikiza akaniuliza, "Na mtu analipwa kulalamikia mlango?" Analipwa mathe. Si mimi, lakini analipwa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nimeandika hiyo stori mara nyingi, sitairudia. Kitu sijawahi kuandika ni kwamba kikundi hiki kilikuwa pia jibu langu kwa nyumbani. Mathe alikuwa akiulizwa kanisani kijana anasoma wapi, anameza mate. Siku moja nikamsikia kwa simu akimwambia shangazi, "Siku hizi anaongoza kikundi cha wataalamu huko Ngong Road." Alisema "wataalamu" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nipate barua ya kujiunga na chuo. Kwa hivyo mjue, hata kabla ya pesa kuingia, mimi nilikuwa nimeweka mzigo mkubwa sana juu ya viti vya plastiki.

Tulianza watu tisa. Ngong Road haikuwa bahati. iHub ilifunguliwa huko mwaka wa 2010 na tangu hapo ile barabara imekuwa na harufu ya watu wa teknolojia, hata kama wenyewe wamehamia kwingine. Tulipata chumba kwa ofisi moja ya kushiriki, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili na nusu. Mara tatu za kwanza ilikuwa bure. Baadaye mwenye chumba akasema tumlipe 2,000 kila kikao, ya stima na mlinzi, na ni haki yake. Tukakubaliana kila anayekuja atoe 200, ukumbi na chai. Pesa zije kwa nani? Zije kwa simu yangu. Hakuna aliyepinga. Hakuna aliyeuliza.

Na manze, vilikuwa vikao vitamu. Kuna jioni msee mmoja alituelezea jinsi M-Pesa ilivyoanza kwa majaribio mwaka wa 2005, wazo likiwa watu walipe mikopo midogo kwa simu, lakini watu wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Wenye mradi wangeweza kukasirika na kuwafunza watu matumizi "sahihi". Badala yake wakaangalia watu wanafanya nini, na ilipozinduliwa mwaka wa 2007 ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Yule msee akasema, mtumiaji hakosei, anakwambia kitu. Tukapiga makofi. Mimi ndiye nilipiga kwa nguvu zaidi, nakumbuka vizuri.

Septemba tulikuwa watu arobaini na moja. Wengine walisimama. Nilipiga picha nikamtumia mathe.

Sasa Oktoba.

Nyumba yangu ni bedsita, kodi ni 7,500, na keja inalipwa kabla ya tarehe tano ama unapata kufuli mlangoni. Sitanii, kufuli ya ukweli, ile kubwa. Klienti mmoja ambaye nilikuwa nimemhariria video nne aliniambia pesa inakuja Jumatatu, halafu Ijumaa, halafu akaacha kushika simu. Nilikuwa na 4,000 zangu. Kwa simu hiyo hiyo kulikuwa na 5,800 za kikundi. M-Pesa haikuonyeshi pesa ya nani ni ipi. Inakuonyesha baki moja tu, namba moja, 9,800. Nimefikiria sana kuhusu hiyo namba. Kama dizaina ningeweza kulaumu skrini, na kusema ukweli nilijaribu kwa siku mbili hivi. Lakini mimi nilijua ni ya nani. Nililipa kodi 7,500, yaani 3,500 za watu.

Zilibaki 2,300. Nikalipa ukumbi 2,000 mapema, na 300 nikanunua kalamu na vikaratasi vya kunata. Kwa hivyo mpaka hapo naweza kujiambia nimekopa tu, klienti akilipa narudisha. Lakini njaa haisubiri klienti. Wiki mbili zikafuata za unga, tokeni za stima na data, na nikazifuliza zote. Deni la Fuliza likafika 1,180.

Kama hujawahi kusota vya kutosha kujua Fuliza inavyofanya kazi, inafanya hivi: ukikopa, pesa yoyote inayoingia kwa simu inakatwa kwanza. Haikuulizi imetoka wapi. Siku ya kikao cha Oktoba watu wakaanza kutuma 200 zao. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisalimia watu, simu inatetemeka mfukoni, na kila ikitetemeka ninajua. Watu kumi na wanane walituma, 3,600. Wale sita wa kwanza walikuwa wananilipia unga na stima. Mmoja wao aliniambia, "Nimekutumia, umeona?" Nikamwambia nimeona.

Zilizobaki zilitosha chai na mandazi, zikaisha. 3,500 na 1,180 ni 4,680. Hiyo ndiyo namba. Nimeibeba tangu Oktoba.

Novemba tulikutana mapema, Alhamisi ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo siku dunia huadhimisha mambo ya utumikaji wa vifaa, tangu mwaka wa 2005. Nilihitaji 2,000 za ukumbi na sikuwa na akiba ya kikundi, kwa sababu akiba ilikuwa imelipa keja yangu. Kwa hivyo nikaandika kwa kikundi: "Wapendwa, ukumbi umepanda bei. Kuanzia mwezi huu mchango ni 300."

Ukumbi haukuwa umepanda bei.

Hiyo sentensi ndiyo ninaona haya nayo kuliko zile pesa. Pesa nilichukua nikiwa naogopa kufuli. Hiyo sentensi niliandika nikiwa nimekaa vizuri kitandani, nikaisoma mara mbili, nikaongeza "wapendwa". Watu wakalipia ukumbi mara mbili na wakaniambia asante kwa kuandaa.

Novemba walikuja kumi na tisa. Desemba hatukukutana. Januari walikuja kumi na mmoja, wawili kati yao walikuwa wamekosea mlango, walitafuta mafunzo ya forex. Nikarudi nyumbani na hasira, nikafungua laptopu, nikaandika ile posti yangu.

Kilichonigeuza si dhamira, nisiwadanganye. Ni kiburi. Mtu mmoja ninayemheshimu alinitumia ujumbe mfupi baada ya kusoma: "Umewauliza?" Neno moja tu. Na ilinikera sana, kwa sababu kila kikao mimi ndiye husimama mbele kusema usikisie, muulize mtumiaji. Jakob Nielsen aliandika mwaka wa 2000 kwamba ukijaribu kitu na watu watano tu utaona shida nyingi zilizomo. Sisi huitaja hiyo kama Baba Yetu. Nikasema sawa, wacha nipigie watano walioacha kuja, nithibitishe kwamba ni wavivu.

Wa kwanza alikuwa dada mmoja wa Rongai. Alikuwa akikaa mbele, akiuliza maswali mazuri kuliko wasemaji. Aliniambia kikao kikiisha saa mbili na nusu, anafika steji ya town saa tatu na kitu, mvua ikinyesha nauli inaruka, na akishuka kuna dakika kumi na mbili za kutembea gizani. "Mara ya mwisho kuna jamaa alinifuata mpaka geti," akasema. "Nyinyi mkimaliza mnaanza kupiga stori nje mkicheka. Mimi nakimbia. Hukuwahi kushangaa kwa nini wasichana wote hutoka kabla ya maswali?"

Sikuwahi. Nilikuwa nimeona, hata niliwahi kusema kwa utani kwamba warembo wana haraka. Nilifungua picha za mwaka mzima nikahesabu. Februari tulikuwa tisa, wanne wasichana. Januari tulikuwa kumi na mmoja, msichana mmoja.

Wa pili ni mwanafunzi, anaishi Umoja. Huyo hakuwa na maneno mengi. "Kaka, magari mbili kwenda, magari mbili kurudi, hiyo ni 240. Na mkaweka 300. Hiyo 540 ni chakula ya siku tatu." Nikamuuliza, na ilipokuwa 200? "Hiyo nilikuwa nabana." Nikanyamaza. Akafikiri laini imekatika, akasema "hello? hello?"

Wa tatu alipoteza kazi Julai, kampuni ilipunguza watu. Mnajua sisi huanza kila kikao kwa kuzunguka chumba: jina lako, unafanya kazi wapi. Mimi nilidhani hiyo ni kukaribisha watu. Alisema Julai alisema jina la kampuni ya zamani, akadanganya. Agosti akadanganya tena. Septemba aliketi nyuma na walipomkaribia akatoka kwenda choo. "Watu arobaini na moja, bro. Nilikaa choo dakika kumi na tano." Oktoba alikuja akiwa amechelewa makusudi. Novemba hakuja tena.

Wa nne ndiye sikutarajia. Ni mzee wa kama miaka hamsini hivi, amechora mabango ya maduka maisha yake yote, yale ya kuchora kwa mkono ukutani, halafu kompyuta zikaja zikamkula, akajifunza Figma mwenyewe kwa simu ya mtoto wake. Alikuja mara mbili tu. Nikamwambia, "Mzee, shikamoo, nilitaka kujua mbona ulitupotea." Akacheka. "Kijana wangu, sikupotea. Nilikaa pale masaa mawili, nikasikia Kiingereza tupu. Si ati sikuelewa. Nilielewa. Lakini nilikuwa na swali na nikawa nalipanga kwa Kiingereza kichwani, nikimaliza kulipanga mmeshaenda mbali." Nikamuuliza swali lilikuwa gani. Alikuwa ametaka kuuliza kwa nini sisi hufundishwa kuweka maandishi ya kijivu kwa mandhari nyeupe, na mteja wake anasoma simu akiwa juani Gikomba. Hakuna mtu katika kikundi chetu alikuwa amewahi kuuliza hilo swali kwa Kiingereza wala lugha nyingine yoyote.

Wa tano anafanya hesabu kwa sacco moja na anajifunza dizaini usiku. Yeye nilimpigia mwisho kwa sababu nilifikiri atakuwa rahisi.

"Niliacha kuja kwa sababu ya pesa," akasema.

Nikamwambia pole, naelewa 300 ni nyingi.

"Hapana, 300 ninayo. Nauliza pesa ziko wapi. Mia mbili mara watu, toa ukumbi, toa chai. Nahesabu kazini mchana kutwa, siwezi kuacha kuhesabu nikifika kwenu. Septemba mlipaswa kuwa na karibu elfu sita. Halafu mwezi mmoja baadaye mnaongeza mchango. Sijakasirika. Nauliza tu."

Hakukosea sana. Zilikuwa 5,800. Mwanamke ambaye hajawahi kuona simu yangu.

Na mimi nikamdanganya. Nikasema ziko, nitatuma hesabu wiki ijayo. Akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu ambaye amesikia "wiki ijayo" kazini mara elfu.

Wacha niwaambie nilivyopanga. Nilipanga kuuza taa yangu ya kurekodia, nitafute kazi mbili za kuhariri, nirudishe 4,680 kimya kimya, halafu nitume hesabu safi. Pesa zingekuwepo kweli. Hakuna ambaye angejua. Mpaka leo sidhani huo mpango ulikuwa mbaya sana, nina marafiki wawili niliowaambia na wote walisema fanya hivyo, kwani ni nani hajawahi? Kila chama kina stori kama hii. Lakini kulikuwa na yule wa Umoja anayebana mpaka hiyo 200. Ningerudisha pesa, sawa, lakini yeye angebaki akijua kwamba aliacha kuja kwa sababu ukumbi ulipanda bei. Na lile posti lingebaki hapa likisema yeye ni mvivu.

Nilituma ujumbe kwa kikundi cha WhatsApp Jumanne saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi. Niliandika kila namba, 3,500 ya keja, 1,180 iliyokatwa na Fuliza, na kwamba ukumbi haukupanda. Sikuandika "wapendwa". Tuko watu sitini na watatu mle ndani. Nikaweka simu chini ya mto nikaenda kuoga.

Nilipotoka, kimya. Masaa mawili, kimya. Unajua kelele ya kikundi ambacho kila mtu amesoma na hakuna aliyejibu? Halafu watu wanne wakatoka, mmoja baada ya mwingine, majina yao yakipita. Mtu akaandika, "Asante kwa kusema." Mwingine akaandika, "Mwizi ni mwizi, wasee, msimpake mafuta." Sikumjibu, na hata hapa sina la kumjibu. Aliyenimaliza ni yule aliyepoteza kazi. Kumbe Novemba alikuwa ametuma 300 hata kama hakuja, ati kusapoti. Aliandika tu: "Mimi nilikuwa sina kazi na nikalipa." Hiyo ndiyo meseji yake yote.

Nilipigia mathe jioni. Sikutaka asikie kwa mtu mwingine, ingawa hakuna mtu wa kanisa lao anajua UX ni nini. Alinyamaza muda. Halafu akauliza, "Na umekula leo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi wewe lala. Kesho uwape simu washike wenyewe." Nilimweleza kwamba si lazima wachukue simu, kuna njia ya kutenganisha. Akasema anajua, alikuwa anaongea tu.

Yule wa sacco sasa ndiye mweka hazina. Hakuomba, watu walimchagua kwa sekunde nne, na laini ya pesa ni nyingine kabisa, haina jina langu wala Fuliza. Mimi nilisema niachie mtu mwingine uongozi pia. Walijadili hilo mimi nikiwa nje ya chumba, na waliporudi kuniita walisema niendelee kuandaa lakini nisiguse shilingi. Kulikuwa na watatu waliopinga. Nawajua ni akina nani na wanakuja bado, tunasalimiana.

Mambo mengine yamebadilika haraka kuliko nilivyodhani. Tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi, town, ukumbi wa kanisa wa 500, kwa hivyo karibu kila mtu ni gari moja. Mchango ni 100, mwanafunzi halipi, asiye na kazi halipi na haulizwi. Hatuzunguki tena chumba tukiulizana kazi. Mtu anasema jina na kitu kimoja kilichomkera kutumia wiki hiyo, na hapo ndipo utasikia Nairobi yenyewe: mlango wa choo cha hoteli, fomu inayokuzima ukibonyeza kurudi nyuma, shati lenye kifungo kidogo kuliko tundu. Na tunaongea Kiswahili, ama tunajaribu. Tulipigana nusu saa kuhusu neno la kile unachobonyeza. Kitufe, mzee wa mabango hataki. Anasema kwake ni swichi, ukibonyeza kitu kinawaka.

Kikao cha Machi tulimwalika mama anayeuza mboga karibu na kwa dada wa Rongai, atujaribie apu ambayo wasee wawili wetu wanaitengeneza, ya kuandika madeni ya wateja. Tulimlipa 300 ya nauli na muda wake. Alikuja na simu yake, na kioo chake kimepasuka kona ya chini kulia, pale hapasikii kidole kabisa. Na kitufe cha kuendelea wale wasee walikuwa wamekiweka wapi? Kona ya chini kulia. Alibonyeza, akabonyeza, akainua kichwa akatuangalia. "Kwani hii imelala?" Chumba kizima kikacheka, yeye akacheka, wale wawili hawakucheka. Mmoja alikuwa tayari anaandika.

Mzee alimuuliza, kwa Kiswahili chake cha polepole, juani anaonaje yale maandishi. Mama akasema, "Maandishi gani?"

Tulikuwa watu ishirini na saba. Wasichana kumi na mmoja, nilihesabu. Yule wa Umoja alikuja, akaniambia vipi, akakaa. Yule aliyepoteza kazi hakuja. Nilimtumia 300 zake na akazirudisha, akaandika "weka kwa kikundi", na sijui nisome vipi hiyo, kwa hivyo nilizipeleka kwa kikundi bila kuzihesabu kwa zile ninazodaiwa.

Taa nimeuza 2,500. Nimetafuta nyingine 500 kwa kuhariri video ya harusi ya watu siwajui. Ukiona video zangu siku hizi ni za mchana karibu na dirisha, sasa unajua.

Jumamosi jioni mweka hazina alituma hesabu kwa kikundi, kama anavyofanya sasa kila tukimaliza, kabla hata hajafika nyumbani:

"Imeingia: waliolipa 19, 1,900. Kijana amerudisha 3,000. Zawadi ya mwanachama 300. Imetoka: ukumbi 500, chai na mandazi 900, mama 300. Baki 3,500. Kijana bado anadaiwa 1,680. Mandazi zilizidi nne, nani alihesabu?"